Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Udhaifu wa runc Uliomwezesha Aliye Ndani ya Kontena Kuitwaa Mashine Nzima

Ukurasa huu unahusu udhaifu wa kiusalama wa programu ya runc uliosajiliwa kwa namba CVE-2019-5736 (CVE ni orodha ya pamoja ya udhaifu wa programu unaojulikana) na kutangazwa tarehe 11 Februari 2019, pamoja na ndugu zake waliofuata mwaka 2024 na 2025. Umeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa seva, waandishi wa programu na yeyote anayeendesha makontena, yaani programu zilizofungashwa na kutengwa na nyingine katika mashine moja, akiamini kwamba kilichomo ndani ya kontena hubaki humo humo. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halieleweki bila kulifuata hatua kwa hatua, na mengine ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi ya hapo.

## runc ni nini, na inanihusu vipi ikiwa sijawahi kuitumia?

Ikiwa unatumia Docker, zana ya kuendesha makontena, au Kubernetes, inayoyasimamia katika seva nyingi, kuna uwezekano mkubwa kwamba unaitumia kila siku bila kuitaja. runc ni programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Go, na kazi yake ni moja tu: kupokea maelezo ya kontena na kuliwasha. Ilizaliwa ndani ya Docker, kisha mwezi Juni 2015 ikakabidhiwa kwa Open Container Initiative, jumuiya iliyoundwa chini ya Linux Foundation ili kuweka viwango vya pamoja vya makontena. Unapoandika `docker run`, ombi lako hupokewa na huduma ya Docker, hupitishwa kwa containerd, programu inayosimamia makontena, na mwisho wa mnyororo huo ni runc inayozungumza na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, na kuomba kontena litengwe. Kubernetes nayo hufika kwenye runc kwa kupitia containerd au mwenzake CRI-O. Kwa hiyo tundu moja katika programu hii fupi huwa ni tundu katika karibu kila jengo lililosimamishwa juu yake.

## Je, kontena halijatengwa na mashine kama ilivyo kwa mashine pepe?

Hapana, halijatengwa kwa namna hiyo, na kutoelewa tofauti hii ndiko kunakowafanya watu wengi wapuuze habari za aina hii. Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, ina kerneli yake yenyewe. Kontena halina, yaliyomo ndani yake ni michakato ya kawaida inayoendeshwa na kerneli ile ile inayoendesha mashine mwenyeji, isipokuwa imewekewa mapazia. Mapazia hayo huitwa neimspesi. Moja huificha michakato mingine, jingine huficha mtandao, jingine huonyesha mfumo wa mafaili ulio tofauti na ule wa mwenyeji. Pamoja nayo kuna cgroups, ambazo hupima na kuwekea kikomo matumizi ya kumbukumbu na kichakataji.

Lipo pazia moja ambalo kwa muda mrefu halikuwekwa kwa kawaida: neimspesi ya watumiaji. Bila hilo, mtumiaji mkuu root aliye ndani ya kontena ana namba 0, na mbele ya kerneli namba hiyo ni ile ile 0 ya root wa mashine mwenyeji. Amepunguziwa baadhi ya uwezo na amefichwa asione mengi, lakini kerneli ikiulizwa kama anaruhusiwa kuandika juu ya faili linalomilikiwa na root, jibu ni ndiyo, mradi apate njia ya kulifikia faili hilo. Msomaji ashike neno hilo la mwisho, kwa maana udhaifu wote tunaouzungumzia ni habari ya namna njia hiyo ilivyopatikana.

## Kwa kifupi, udhaifu huu ulikuwa upi?

Mtu mwenye mamlaka ya root ndani ya kontena aliweza kuandika upya faili la programu ya runc lililoko kwenye mashine mwenyeji. Mara iliyofuata msimamizi alipowasha kontena lolote, au kuingia katika kontena lililokuwa likiendelea, kilichotekelezwa hakikuwa runc bali maagizo ya mshambuliaji, tena kwa mamlaka kamili ya root wa mashine nzima. Hayo ndiyo maana ya kujipandisha mamlaka katika muktadha huu: kutoka kuwa mkubwa wa chumba kimoja hadi kuwa mkubwa wa jumba.

## Shambulio hilo lilifanyikaje hasa?

Inabidi kwanza kujua kwamba runc haibaki nje ya kontena wakati wote. Ili kuendesha amri ndani ya kontena, mchakato wa runc huingia wenyewe katika neimspesi za kontena hilo, hujivua baadhi ya mamlaka, na ndipo hujigeuza kuwa programu iliyoombwa, kwa mfano `/bin/sh`. Kwa kitambo kifupi sana, basi, programu ya mashine mwenyeji inakuwa imekanyaga ndani ya nyumba ya mtu ambaye huenda ni adui.

Jambo la pili ni saraka ya `/proc`, ambamo kerneli hueleza habari za kila mchakato. Humo kuna kiungo kiitwacho `/proc/self/exe`, kinachoelekeza kwenye faili la programu inayoendeshwa na mchakato unaokitazama. Kwa macho kinafanana na kiungo cha kawaida chenye njia iliyoandikwa, lakini sivyo. Anayekifungua hapelekwi kutafuta njia hiyo katika mfumo wa mafaili anaouona. Kerneli humkabidhi faili lenyewe moja kwa moja, hata kama faili hilo liko nyuma ya pazia ambalo kwa kawaida asingeweza kuliona.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Mshambuliaji aliyemo ndani ya kontena anabadilisha `/bin/sh` ya kontena na kuweka faili la maandishi ambalo mstari wake wa kwanza unasema litekelezwe na `#!/proc/self/exe`. Msimamizi, bila kujua lolote, anaandika `docker exec` ili aingie kutazama kitu. runc inaingia, inatekeleza kile inachodhani ni `/bin/sh`, na kumbe imeelekezwa kujitekeleza yenyewe. runc ilikuwa na kinga ya kuzuia michakato ya ndani ya kontena isichungulie faili lake, ila kinga hiyo hufutika pale programu inapotekelezwa upya, na hapo ndipo ujanja ulipolala. Mchakato wa mshambuliaji, uliokuwa ukivizia orodha ya michakato, unaiona runc ikitokea, unafungua kiungo chake cha `exe` kwa kusoma tu, na kubaki umelishikilia faili lile.

Kwa nini asome tu na asiandike mara moja? Kwa sababu kerneli hukataa kuandikwa kwa faili la programu ambayo inaendelea kutekelezwa. Lakini runc haikai. Ikishamaliza kazi yake huondoka. Mshambuliaji anarudia kujaribu kulifungua tena faili lile kwa kuandika, safari hii kupitia `/proc/self/fd` ambamo kishikio chake bado kipo, na mara runc inapotoka, jaribio linakubaliwa. Kerneli inatazama mwenye kuomba ni nani, inaona namba 0, inaona faili ni la root, na inaruhusu. Kuanzia sekunde hiyo faili la runc la mashine mwenyeji lina maneno ya mtu mwingine.

Ilikuwepo pia njia ya pili ambayo haikuhitaji msimamizi aingie katika kontena linaloendelea. Mshambuliaji aliweza kutengeneza imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho, ambayo tangu mwanzo imepangwa ili amri yake ya kuanzia iwe `/proc/self/exe`, na humo akaweka maktaba (faili la msimbo unaoazimwa na programu) bandia badala ya ile ambayo runc huihitaji inapoamka. Kwa kuwa runc inaamka ikiwa ndani ya kontena, inapakia maktaba za kontena, na maktaba hiyo bandia ndiyo inayofanya kazi iliyobaki. Kuwasha tu imeji ya namna hiyo kulitosha.

## Je, mtu wa mbali angeweza kunishambulia kupitia mtandao?

Si kwa udhaifu huu peke yake. Alihitaji kwanza awe na mamlaka ya root ndani ya mojawapo ya makontena yako, au akushawishi uwashe imeji aliyoitengeneza. Ndiyo maana katika hazina ya kitaifa ya udhaifu ya Marekani shambulio hili limeorodheshwa kuwa la ndani ya mashine, linalohitaji kitendo cha mtumiaji, na bado likapewa alama 8.6 kati ya 10. Kilichopandisha alama hiyo ni kwamba madhara yake huvuka mpaka wa kitu kilichoshambuliwa na kukifikia kila kilicho jirani.

Tafadhali usitulizwe sana na neno la ndani. Fikiria tovuti iliyomo kwenye kontena, yenye fomu ya kupakia picha iliyoandikwa kwa haraka kiasi kwamba mtu anaweza kupakia programu badala ya picha. Kosa hilo la kawaida kabisa humpa mgeni nafasi ya kutekeleza amri ndani ya kontena, na kama kontena linaendeshwa na root, basi masharti yote ya shambulio yametimia. Wizi mwingi katika seva hufanyika kwa matundu mawili madogo yaliyopangwa kwa mfuatano, la kwanza la kuingilia na la pili la kupandia.

## Nani waliugundua?

Ni watafiti wawili, Adam Iwaniec na Borys Popławski. Walichochewa na fumbo la kiufundi kuhusu neimspesi katika mashindano ya kudukua yaliyoambatana na kongamano la Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi, mjini Leipzig, Ujerumani, mwezi Desemba 2018. Walipolitafakari zaidi fumbo lile walijiuliza kama programu halisi za makontena hazina kasoro ya aina hiyo hiyo, na wakaikuta katika runc. Waliitoa taarifa yao kwa siri kwa wahusika kabla ya kuitangaza, jambo linalostahili shukrani.

Kiraka kilitayarishwa na Aleksa Sarai, mmoja wa watunzaji wa runc aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya SUSE, na ndiye aliyeutangazia umma. Tangazo lake lilisema pia kwamba LXC, mfumo mwingine wa makontena ulio na mizizi tofauti, ulikuwa na kasoro inayofanana. Msimbo wa kuonyesha shambulio ulipangwa kutolewa siku 7 baada ya tangazo, yaani tarehe 18 Februari, ili wasimamizi wapate wiki moja ya kuweka viraka. Watu wengine waliosoma kiraka walijiandikia misimbo yao mapema zaidi ya hapo. Kiraka kikishakuwa hadharani, anayejua kusoma msimbo huona humo kasoro iliyokuwa ikirekebishwa.

## Kasoro ilirekebishwaje?

Kwa wazo rahisi: kama hatuwezi kumzuia aliye ndani asilifikie faili la runc, basi tuhakikishe analolifikia si faili halisi. Kabla ya kuingia katika kontena, runc iliyorekebishwa hujinakili yenyewe katika faili lisilo na jina lililoko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, hulitia muhuri wa kerneli unaozuia lisibadilishwe na yeyote, kisha hujitekeleza upya kutoka katika nakala hiyo. Mshambuliaji akifungua `/proc/self/exe` anakutana na nakala iliyotiwa muhuri, na hata angefaulu kuiharibu angeharibu kitu kinachotupwa punde.

Tiba hiyo ilikuwa na gharama yake. Nakala ya runc ilikuwa na ukubwa wa takribani megabaiti 10, na kwa kuwa ilihesabiwa katika kumbukumbu ya kontena lenyewe, makontena yaliyowekewa kikomo kidogo sana cha kumbukumbu yalianza kukataa kuwaka. Baadaye watunzaji waliongeza njia nyepesi ya kulifunga faili la runc katika hali ya kusomwa tu badala ya kulinakili kila mara. Nalitaja hili kwa sababu wapo walioirudisha runc ya zamani baada ya kuona makontena yao hayawaki, wakadhani kiraka ni kibovu. Kiraka kilikuwa sahihi. Kilichohitajika kilikuwa kuongeza kikomo cha kumbukumbu.

## Nitajuaje kama mashine yangu imerekebishwa?

Matoleo yote ya runc hadi 1.0-rc6 yalikuwa na kasoro. Kwa upande wa Docker, toleo 18.09.2 ndilo lililobeba kiraka, na lile la mkondo wa zamani lilikuwa 18.06.2. Amri `runc --version` na `docker version` zitakuonyesha ulipo.

Hata hivyo, namba hiyo pekee inaweza kukudanganya. Watengenezaji wa mifumo kama Red Hat, Debian na Ubuntu wana desturi ya kuchukua kiraka peke yake na kukipachika katika toleo la zamani, hivyo runc yenye namba ya zamani inaweza kuwa salama kabisa. Katika mifumo hiyo, tazama kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi na utafute namba ya CVE. Kinyume chake pia hutokea: mtu anasasisha kifurushi cha runc cha mfumo huku Docker aliyoisakinisha kwa mkono ikiwa na runc yake nyingine pembeni, ambayo hakuna aliyeigusa. Tafuta kila faili la runc lililoko kwenye diski, si lile la kwanza tu linaloitikia ukiliita.

## Nilikuwa nimewasha SELinux au AppArmor. Je, nililindwa?

Inategemea. Zote mbili ni kinga za Linux zinazoweka sera ya kile ambacho kila programu inaruhusiwa kugusa. Sera ya kawaida ya AppArmor haikulizuia shambulio hili. SELinux ikiwa katika hali ya kulazimisha ililizuia katika Red Hat Enterprise Linux, kwa sababu michakato ya kontena huvalishwa lebo ambayo hairuhusiwi kuandika juu ya mafaili ya mwenyeji hata kama mwandishi ni root. Katika Fedora, waliotumia kifurushi cha moby-engine, yaani injini ya Docker iliyofungashwa na Fedora, hawakupata kinga hiyo kwa kuwa makontena yao yaliendeshwa yakiwa na lebo ya injini yenyewe.

Wasimamizi wengi huzima SELinux siku ya kwanza kwa sababu inawazuia kufanya jambo fulani, na hawairudishi tena. Nawasihi waifikirie upya tabia hiyo. Siku ile ya Februari, wale walioivumilia walikuwa na nafasi ya kupanga matengenezo yao kwa utulivu, na walioizima walikuwa mbioni.

## Vipi kuhusu Docker kwenye kompyuta za Mac na Windows?

Humo makontena ya Linux huendeshwa ndani ya mashine pepe ndogo ya Linux. Anayetoroka kontena hufika kwenye root wa mashine pepe hiyo, si moja kwa moja kwenye kompyuta yako. Bado si jambo la kudharau, kwa sababu saraka za kompyuta yako ulizozishiriki na Docker huonekana kutoka humo.

## Watoa huduma za wingu walifanya nini?

Amazon, Google na Microsoft walitoa taarifa na matoleo mapya ya huduma zao za makontena. Mfano wenye mafunzo ni wa Google: nodi za Kubernetes, yaani mashine zinazobeba makontena, zilizotumia mfumo wao wa Container-Optimized OS hazikuathirika, ilhali zile zilizotumia Ubuntu ziliathirika. Mfumo ule wa kwanza huweka sehemu yenye programu katika hali ya kusomwa tu, kwa hiyo hata root akipata njia ya kulifikia faili la runc, hawezi kuandika.

Jambo ambalo wateja wengi hawalielewi ni kwamba mtoa huduma hutengeneza nodi mpya iliyo salama lakini mara nyingi habadilishi nodi zako za zamani bila ruhusa. Kama klasta yako, yaani kundi la nodi zako, ilisimamishwa na fundi aliyeondoka na hakuna aliyeigusa tangu hapo, nodi zake zinaweza kuwa zilivyokuwa siku ya kwanza.

## Je, kasoro za namna hii zimekwisha?

Hazijaisha. Tarehe 31 Januari 2024 ulitangazwa udhaifu CVE-2024-21626, uliogunduliwa na Rory McNamara wa kampuni ya Snyk, nao ukapewa alama ile ile ya 8.6. Uliathiri runc kuanzia 1.0.0-rc93 hadi 1.1.11 na ulirekebishwa katika toleo 1.1.12. Safari hii hapakuwa na haja ya kuandika upya faili la runc. runc ilikuwa ikifungua saraka `/sys/fs/cgroup` ya mashine mwenyeji kwa matumizi yake ya ndani na kusahau kuifunga kabla ya kukabidhi mchakato kwa kontena. Mshambuliaji aliandika katika maelezo ya imeji kwamba saraka ya kuanzia kazi ni, tuseme, `/proc/self/fd/7`, na kwa kubahatisha namba sahihi kontena lilianza maisha yake likiwa limesimama katika mfumo wa mafaili wa mwenyeji. Kutoka hapo ni kupanda ngazi za saraka kwenda juu hadi ufike kwenye mzizi. Mstari mmoja ndani ya Dockerfile, yaani faili la maelekezo ya kujenga imeji, ulitosha, na hatari hiyo ilikuwepo hata wakati wa kujenga imeji, kabla ya kuiwasha. Hilo liwahusu sana wanaoendesha mitambo ya kujengea programu za wateja wengi katika seva moja.

Mwezi Novemba 2025 zikaja nyingine tatu kwa mpigo: CVE-2025-31133, CVE-2025-52565 na CVE-2025-52881. Zilihusu namna runc inavyoyafunika maeneo nyeti ya `/proc` na kuandika humo wakati kontena likiandaliwa. Mshambuliaji anayewahi kubadilisha faili kwa kiungo katika kipindi hicho kifupi aliweza kuielekeza runc iguse pasipokusudiwa, ikiwemo mipangilio ya kerneli inayoamua programu ipi iitwe mchakato unapoanguka. Zilirekebishwa katika matoleo 1.2.8, 1.3.3 na 1.4.0-rc.3.

Ukizitazama zote pamoja, utaona kwamba zinatokea mahali pamoja, yaani katika kile kitambo ambacho programu yenye mamlaka ya nje inafanya kazi katika mazingira yaliyopangwa na mtu wa ndani. Watunzaji wa runc ni watu makini na wachache, na wameyaziba matundu haya kwa ustadi. Lakini kitambo hicho hakiwezi kuondolewa, kwa sababu ndicho kazi yenyewe ya runc.

## Basi nifanye nini ili nisitegemee viraka peke yake?

Acha kuendesha makontena kwa root. Kama utachukua neno moja tu kutoka ukurasa huu, naomba liwe hilo. Mwaka 2019, kontena lililoendeshwa na mtumiaji wa kawaida halikuweza kuliandika faili la runc, kwa kuwa kerneli ilipouliza mwenye kuomba ni nani, haikuona namba 0. Imeji nyingi huanza na root kwa sababu tu aliyeziandika hakuweka mstari wa `USER`. Programu ya tovuti inayosikiliza mlango namba 8080 na kusoma hifadhidata haina hitaji lolote la kuwa root. Katika Kubernetes weka `runAsNonRoot: true`, na ikiwezekana wekea eneo zima la kazi kiwango cha `restricted`, ambacho hukataa podi (kontena moja au zaidi yanayoendeshwa pamoja) isiyotimiza sharti hilo.

Zipo programu ambazo haziwezi kuepuka kuwa root ndani ya kontena, kwa mfano zinazohitaji kusakinisha vifurushi. Kwa hizo tumia neimspesi ya watumiaji, lile pazia lililokuwa halijafungwa. Ukiliweka, namba 0 ya ndani hutafsiriwa kuwa namba kubwa isiyo na mamlaka yoyote nje, na udhaifu wa 2019 huzimika kabisa. Docker imekuwa na mpangilio wa `userns-remap` tangu kabla ya udhaifu huu kujulikana, na wachache sana waliuwasha. Kuanzia toleo 20.10 la mwezi Desemba 2020, Docker nzima inaweza kuendeshwa bila root kwa uthabiti. Kubernetes ilichukua muda mrefu zaidi: uwezo huo ulianza kwa majaribio katika toleo 1.25 mwaka 2022, na ni mwaka 2025, katika toleo 1.33, ndipo ulipowashwa kwa kawaida, na hata hapo ni lazima podi yenyewe iombe kwa kuandika `hostUsers: false`. Yaani hata leo ni lazima mtu aandike mstari huo kwa mkono wake.

Kwa anayeendesha misimbo ya watu asiowajua, hata hayo hayatoshi. Afikirie Kata Containers, inayoweka kila kontena ndani ya mashine pepe ndogo, au gVisor, inayoweka tabaka kati ya programu na kerneli. Zote hupunguza kasi kidogo, na kwa kazi ya namna hiyo ni gharama inayostahili kulipwa.

Kuna jambo jingine ambalo halihusiani na runc lakini hulikuta karibu kila ninapokagua seva: watumiaji wengi wamewekwa katika kundi la `docker` ili wasisumbuke kuandika `sudo`. Aliyemo katika kundi hilo anaweza kuwasha kontena lililounganishwa na diski nzima ya mwenyeji. Huyo hahitaji udhaifu wowote, maana tayari ni root kwa mlango wa mbele.

## Nashuku kwamba seva yangu ilishashambuliwa. Nianzie wapi?

Anza kwa kutoitumia runc ya seva hiyo. Kila `docker exec` unayoiandika ili kuchunguza inaweza kuwa ndiyo inayotekeleza maagizo ya mshambuliaji. Tenga seva na mtandao, na ikiwezekana chukua nakala ya diski kabla ya kuizima, ili uchunguzi ufanyike kwenye mashine nyingine.

Kisha linganisha faili la runc na lile lililotolewa na mtengenezaji. Mifumo inayotumia RPM ina amri `rpm -V`, na ya Debian ina `dpkg --verify`. Zote huonyesha mafaili yaliyobadilika tangu yaliposakinishwa. Ikionekana tofauti, una jibu. Isipoonekana, bado huna uhakika, kwa sababu mshambuliaji mwenye akili huandika maagizo yake, huyaacha yatekelezwe mara moja, kisha hurudisha faili la asili mahali pake. Tazama pia ndani ya makontena yenyewe: `/bin/sh` au `/bin/bash` ambayo imegeuka kuwa faili la maandishi lenye mstari mmoja wa `#!/proc/self/exe` haina maelezo mengine yoyote ya heri.

Ukishathibitisha, au ukibaki na shaka usiyoweza kuiondoa, usijaribu kuisafisha seva hiyo. Aliyekuwa root ameweza kugusa kila kitu, pamoja na zana unazotumia kumtafuta. Jenga seva mpya kutoka katika chanzo unachokiamini, rudisha data peke yake kutoka nakala rudufu, na ubadilishe kila siri iliyowahi kukaa au kupita katika mashine ile: nywila za hifadhidata, funguo za SSH, tokeni za Kubernetes, funguo za wingu, na vyeti vya TLS. Tokeni za Kubernetes ndizo husahaulika mara nyingi, kwa kuwa hazikuandikwa na mtu. Kila nodi huwa na za podi zote zilizokuwa juu yake, na baadhi yake zinaweza kuwa na ruhusa ya kusoma siri za klasta nzima. Ziorodheshe kwanza, kwa kutazama ni podi zipi zilikuwa kwenye nodi hiyo katika kipindi unachokitilia shaka, ndipo uanze kuzibatilisha moja baada ya nyingine.